Aliagiza Karamu, Akaletewa Kalamu

Umande haujakauka Kitale, na Hiram Wakhungu amekwisha kumfunga mke wake wa pili kwenye keria ya baiskeli.

Anamfunga kwa kamba ya mpira, kiunoni kwanza, kisha kifuani, halafu anamfunika kwa koti la mvua ambalo siku za baridi yeye mwenyewe hulitamani. Anamtikisa kidogo. Halalamiki. Basi safari iko tayari.

Mke huyo ni gramafoni ya sanduku, nyeusi, yenye mkono wa kutilia ufunguo ubavuni na harufu ya mafuta ya cherehani. Mke wa kwanza yuko nyumbani Lugulu, anaitwa Edah, na habari za mwenzake anazijua zote.

"Huyu akitiwa ufunguo anaimba, ufunguo ukiisha ananyamaza," asema Edah. "Mimi namwuliza Mungu, kwa nini ufunguo hakuuweka kwa mume?"

Hiram, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, huuza santuri kuanzia Kitale na Saboti mpaka Bungoma. Lakini kuuza peke yake si kazi. Hata rafu ya duka inauza. Hiram hupendekeza. Anaingia bomani, anapewa kigoda, anauliza habari za ng'ombe, za mvua, na za mguu wa mama mkwe. Kisha anafungua sanduku na kuchagua santuri moja. Ni nadra kuwa ile uliyoiomba.

"Mtu huomba wimbo wa jirani yake," aeleza. "Ameusikia kwa jirani, ameutamani. Wimbo wake mwenyewe haujui. Si ndiyo kazi yangu, kumtafutia?"

Vijana wa soko la Kanduyi humwita Daktari, na kweli anatoa dawa. Bwana na bibi waliooana juzi, ambao tayari wanarushiana vifuniko vya sufuria, aliwapa "Punguza Moto", gitaa moja na mtu anayeimba kana kwamba mtoto amelala chumba cha pili. Mzee mmoja bahili wa Saboti alimpa "Sufuria ya Jirani". Mzee akacheka mpaka akajipiga paja, akanunua, na hadi leo hajajua kuwa mwenye sufuria ni yeye.

Na kwa mtu aliyefiwa na ndugu, Hiram hapigi wimbo wa maneno. Humpigia litungu tupu, kinubi cha kwao, nyuzi peke yake. "Maneno amepewa mengi na wageni," asema. "Ya nini kumwongezea?"

Anaowaamini zaidi ni waimbaji wanaojitungia wenyewe. "Anayeimba maneno ya mwenzake ni kama aliyeazima suruali, bana. Anatembea, ndiyo, lakini ameshikilia kiuno."

Santuri moja ni shilingi tano. Asiye na tano hutoa senti kumi akasikiliza pande zote mbili. Mahindi yakisha kuvunwa, Hiram hubaki na shilingi kama sabini kwa mwezi. Msimu wa mvua hata thelathini ni bahati, kwani barabara ya Kamukuywa hugeuka uji, na gramafoni si mtoto, haipendi uji. Kwa fedha hizo Edah analima kwa jembe lake mwenyewe, na binti yao wa kwanza, Peris, yuko shuleni.

Hata hivyo, mwaka huu mtu huyu nusura arudishwe kubeba magunia. Si kwa wizi, si kwa ulevi, wala si kwa mwanamke, ingawa watu wa Kanduyi walikuwa tayari kuamini lolote kati ya hayo. Ilikuwa kwa sababu ya herufi moja.

Hiram alizaliwa Lugulu. Baba yake alikwenda kufanya kazi kwenye shamba la mzungu huko Saboti, naye kijana akaingia jikoni kuosha vyombo. Jioni kazi ilikuwa nyingine: kutia ufunguo gramafoni ya memsabu na kugeuza santuri upande ukiisha.

"Kiingereza sikujua hata kidogo," akumbuka. "Lakini nilijua wimbo gani unamfanya memsabu aandike barua, na wimbo gani unamfanya bwana atafute chupa. Nikaona, kumbe wimbo ni mfanyakazi kama mimi. Ukiutuma pabaya, unavunja vyombo."

Baada ya vita wazungu wale waliuza shamba na gramafoni ikaondoka nao. Hiram akaenda Kitale mjini, akapata kazi ya kubeba magunia ya mahindi kwenye ghala la Mzee Yakub, mfanyabiashara anayekaa karibu na msikiti. Akabeba mpaka mgongo wake ukaanza kutabiri mvua.

Siku moja Mzee Yakub alileta gramafoni kadhaa na kuzipanga barazani. Wateja walikuja, wakazitazama kama watu wanaotazama mbuzi wa mtu mwingine, wakaenda zao. Hiram, akipumzika kati ya gunia na gunia, akamwambia mmoja wao, "Wewe usichukue hiyo santuri. Hiyo ni ya harusi, na wewe uso wako una matanga. Chukua ile ya nyuma."

Mteja akachukua ile ya nyuma, na gramafoni akachukua pia. Juma lililofuata Mzee Yakub akampa Hiram mashine moja ya kutembea nayo na baiskeli kuukuu, akamwambia, "Magunia watabeba wengine."

"Siku ile nilishukuru," asema Hiram, "mpaka mgongo wenyewe ukashukuru."

Sasa tuingie kwenye ile herufi.

Babu yake Mzee Yakub alitoka pwani na misafara, akatua Mumias. Hapo Kitale mjukuu husema Kiswahili kama mtu anayepanga vikombe vya kahawa, kila herufi mahali pake. Hiram ni Mbukusu wa Lugulu, na huko herufi ya L na herufi ya R ni majirani wanaoazimana viti bila kuulizana. Tukiyachapa maneno yake yote kama yanavyotoka, msomaji atadhani wapiga chapa wamelewa. Kwa hiyo hapa yamenyooshwa, isipokuwa pale ambapo kunyoosha ni kuharibu.

Mwezi wa kumi mwaka jana, 1956, Bungoma nzima ilikuwa inaimba wimbo mmoja uitwao "Karamu". Magitaa mawili, chupa inagongwa kwa msumari, na watu ndani ya wimbo wanakula nyama mpaka wanasahau harusi ni ya nani. Kila boma lilitaka. Hiram akakanyaga baiskeli hadi Kitale, akafika akihema.

"Tajiri, agiza Nairobi ile ya kalamu! Watu wanaililia."

"Ya kalamu?" akauliza Mzee Yakub.

"Ee, kalamu. Kalamu ya kura, bana! Kura mpaka shati inapasuka!"

Mzee Yakub akatulia, akafikiri. Mwaka ule mjini hapakuwa na habari nyingine ila kwamba mwezi wa tatu Waafrika wangepiga kura kwa mara ya kwanza. Kalamu ya kura! Na watu wana hamu nayo hata mashati yanapasuka! Akaona Mungu amemfungulia mlango. Akaagiza sanduku zima, santuri hamsini.

Na wimbo uitwao "Kalamu" ulikuwako kweli. Ndiyo maajabu ya dunia, kwamba hata kosa likitafutwa dukani linapatikana.

Sanduku lilifika Desemba ilipoanza. Hiram wakati huo alikuwa hajui kusoma. Santuri zake alizitambua kwa rangi ya karatasi ya katikati na mikwaruzo ya pembeni. Karatasi ya "Karamu" ilikuwa ya kijani, na hizi zilikuwa za kijani. Akazifunga kwenye baiskeli akaenda moja kwa moja harusini Kanduyi, alikokuwa ameahidi kuwatoa watu jasho.

Akatia ufunguo. Akashusha sindano. Watu wakasimama, viuno tayari.

Likatoka gitaa moja, polepole, na sauti ya mwanamume anayeimba kama anayesoma usiku kwa koroboi asiamshe nyumba. Anaomba kalamu. Shangazi wa bwana harusi alibaki na mguu mmoja hewani.

"Harusi yote ilisimama kama inapigwa picha," asema Hiram. "Nikageuza upande wa pili. Upande wa pili ni wino!"

"Daktari," mtu akapaza sauti kutoka kwenye chungu cha pombe ya busaa, "leo umekosea mgonjwa!"

Alirudi Kitale mbio. Waliokuwa barazani siku ile bado husimulia mazungumzo yale, kila mtu kwa chumvi yake.

"Tajiri, mimi nilisema kalamu!"

"Na kalamu ndiyo niliyokuletea."

"Si kalamu hiyo! Kalamu! Ya kura! Ya nyama!"

"Kura ya nyama? Hiram, mimi nasikia unachosema. Siwezi kusikia unachotaka kusema."

Ghalani wabeba magunia walicheka mpaka wakakalia mahindi. Mzee Yakub hakucheka. Alisema santuri zile ziishe kabla watu hawajaanza kupanda. Zikiisha, Hiram aendelee na kazi yake. Zikibaki, gramafoni irudi barazani na Hiram arudi ghalani.

"Sanduku zima la kalamu," akamalizia. "Wataka nifungue shule?"

Hiram alirudi Lugulu amekonda kwa siku moja. Edah akamwuliza kama amefiwa. Akasema bado, lakini mgonjwa yuko mahututi, akamwonyesha gramafoni.

Njia nyepesi zilikuwako. Rafiki mmoja alimshauri awaambie watu kuwa wimbo ule ukipigwa zizini ng'ombe huongeza maziwa. Mwingine akasema abandike karatasi mpya. Hiram akakataa. "Nikimpa mtu wimbo usio wake hata mara moja," alisema, "mimi si kitu tena. Ni mchuuzi wa masufuria."

Kwa hiyo akaamua kufanya lile analolijua: kumtafuta mwenye wimbo. Alizunguka nao Saboti, Kimilili, Bungoma. Mwalimu mmoja akanunua. Karani mmoja akanunua pia, kesho yake akairudisha akisema inamkumbusha kazini. Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili ukaingia, na sanduku bado zito.

"Kila nikifika Kitale nilikuwa napita karibu na ghala," asema. "Magunia yalikuwa kama yananiangalia."

Kisha gurudumu lake likapata pancha mbele ya lango la Nasambu.

Nasambu ni mama wa kanisa huko Lugulu, mjane mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Hiram alikuwa amekwisha kufukuzwa kwenye lango lile kwa ufagio. Siku hiyo hakuwa na la kufanya ila kukaa chini na kuziba tundu. Nasambu akatoka na ufagio wake, akasimama kumlinda.

"Mulembe, mayi," Hiram akamsalimu mama huyo kwa Kibukusu.

"Mulembe. Ziba tundu lako uende. Hapa sanduku la shetani halifunguliwi."

"Halifunguliwi, mayi. Nimeona ufagio."

Mkono wa pili wa Nasambu ulishika barua. Baada ya kitambo akauliza, kama mtu asiyejali, "Wewe, mwana wa Wakhungu, unajua kusoma?"

"Hapana, mayi."

"Basi huna faida hata ukiwa na gurudumu zima."

Lakini barua ilikuwa inamchoma mkononi, na mwenye donda haongei mambo mengine. Akaanza kusema mwenyewe. Ilikuwa ya mwanawe Mukhisa, anayefanya kazi bandarini Mombasa. Imefika tangu jana. Inamngoja kijana wa kanisa aje kuisoma, na kijana yule akija anakuja na njaa, anataka chai kwanza.

"Na akisoma, ati anacheka!" akasema Nasambu. "Anasoma peke yake kwa macho, anacheka, kisha ndiyo ananiambia. Mtoto ni wangu, uchungu ni wangu, kicheko ni chake!"

Hiram akaweka chini gundi na kiraka. Maneno yale aliyajua. Aliyasikia kila siku tangu Desemba, na hakuwahi kujua ni ya nani.

"Mayi," akasema, "nipige baadaye. Kwanza nisikilize."

Akafungua sanduku kabla ufagio haujainuka. Gitaa likaanza polepole, na yule mtu akaimba:

*Barua ya mwanangu imefika kwangu,*
*Msomaji anacheka kabla yangu mimi;*
*Nipe kalamu, mwalimu, nishike mwenyewe,*
*Siku moja na mimi nicheke wa kwanza.*

Ufagio ulikuwa umeinuka, ukabaki pale pale. Wimbo ukaisha. Sindano ikakwaruza, na hakuna aliyeitoa.

"Huyo mtu," akauliza Nasambu kwa sauti ndogo ambayo Lugulu haikuwahi kuisikia kwake, "ananijulia wapi mimi?"

"Sijui, mayi. Lakini amekutungia."

"Piga tena."

Akapiga tena, na tena, mpaka kijana wa kanisa akafika akakuta chai haijapikwa. Nasambu akaingia ndani, akatoka na shilingi tano zilizofungwa kwenye pembe ya kitambaa.

"Lakini mayi, wewe huna gramafoni," Hiram akamwambia, maana ukweli kwake ni ugonjwa.

"Wewe unayo. Mimi nanunua sauti. Mashine utanibebea."

Akaifunga santuri ndani ya kitambaa cha kichwa, akaiweka juu ya kabati pamoja na Biblia, lakini chini yake kidogo, kwa heshima.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Jumapili baada ya ibada Nasambu aliwakusanya akina mama. Wengi walikuwa na mwana au mume Nairobi, Mombasa au jeshini, na wote walimjua mtu wa kucheka kabla yao. Wakamwendea mwalimu wa kanisa, wakamwambia wanataka darasa, alasiri, baada ya shamba. Mwalimu akauliza wanataka kusoma vitabu gani.

"Vitabu baadaye," akajibu Nasambu. "Tunataka kucheka wa kwanza."

Mama mmoja akanunua santuri, na mwenzake, na wa tatu. Gramafoni hawakuwa nayo hata mmoja. Hiram akipita, kila mama alitoka na yake kama mtu anayetoa kuku wake kwenye tundu, naye alizipiga zote, wimbo ule ule, kwa sababu kila mmoja alisikia kwamba yake inaimba vizuri zaidi. Mmoja alikuwa ameifunikia sufuria ya maharagwe. Ilijikunja kama chapati. Ilipopigwa, mwimbaji alipanda na kushuka kama anayevuka Mlima Elgon kwa baiskeli, na mwenyewe akaipenda hivyo hivyo.

Edah naye akaingia darasani. "Nilikwenda kumlinda mume wangu na wale akina mama," adai. "Nikajikuta nimeshika chaki."

Kimilili wakasikia, wakanunua. Bungoma wakanunua. Sanduku likaanza kuwa jepesi, na Hiram akaanza kulala.

Lakini mvua haikuwa na habari zake. Ilinyesha mapema. Asubuhi moja Trans Nzoia yote iliamka iko shambani na mbegu mkononi, na ndani ya sanduku zilikuwa zimebaki santuri, si nyingi, si chache. Zimebaki.

Hiram aliifuta gramafoni kwa mafuta, akang'arisha vyuma, akaipeleka Kitale kama mtu anayempeleka binti kwa wakwe. Hakutafuta maneno.

"Zimebaki, tajiri."

Mzee Yakub akafungua sanduku, akatazama, akafunga. Hakuonekana kufurahi. "Neno ni neno, Hiram," akasema.

"Ni neno, tajiri. Naomba kitu kimoja. Niipige mara ya mwisho."

Akapewa ruhusa. Akatia ufunguo pale barazani, taratibu, kama mtu anayeaga. Wabeba magunia wakasimama mlangoni mwa ghala. Mwimbaji akaomba kalamu yake, akasema lile la msomaji anayecheka, akaahidi kucheka wa kwanza. Na wimbo ulipoisha, nyuma ya pazia la duka ikatoka sauti ya Bi Zuena, mke wa Mzee Yakub.

"Baba Hasina."

"Naam."

"Barua ya Hasina ya juzi, kutoka Jinja. Ilikuwa karatasi ngapi?"

Hasina ni binti yao, ameolewa Jinja. Bi Zuena husoma Kurani kwa sauti nzuri, lakini herufi za Kizungu alikuwa hajafundishwa.

"Karatasi mbili," akajibu Mzee Yakub.

"Upande mmoja?"

"Pande zote."

"Karatasi mbili, pande zote. Na uliponisomea ulisema, 'Hajambo, anakusalimu.'"

Mbeba magunia mmoja akaanza kukohoa, akaona si kikohozi, akaingia ghalani.

"Mama Hasina," Mzee Yakub akaanza, "unajua kazi za dukani…"

"Najua. Hizo santuri zilizobaki ni zangu mimi na wanawake wa mtaa huu. Na hiyo gramafoni usiiguse."

"Lakini tulipatana, biashara ni…"

"Biashara imekwisha. Sanduku liko tupu. Au hulioni?"

Mzee Yakub akalitazama sanduku, ambalo halikuwa tupu, akasema analiona. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Desemba, akacheka, akacheka mpaka kofia ikaegemea sikio. Hiram anaapa kwamba alikuwa anacheka. Wabeba magunia wanasema machozi yalikuwamo pia.

Alipoulizwa na gazeti hili, Mzee Yakub alijitetea kwa upole. "Niliruka yale mambo ya kike tu. Mapishi, mtoto ameota jino, mambo hayo."

"Hayo ndiyo yalikuwa yangu!" ikajibu sauti kutoka nyuma ya pazia.

Hiram hamlaumu mtu. Anamshukuru tajiri kwa kusikia vizuri, na anaushukuru ulimi wake mwenyewe kwa kusema vibaya. Pancha anaishukuru pia. Mwimbaji wa "Kalamu" hajamwona, wala hajui ametoka wapi, lakini kila akikutana na mtu mwenye gitaa begani humpa mkono wa shukrani, isije ikawa ndiye.

"Ningepata karamu, ningeuza mara moja nikasahau," asema. "Watu wangecheza, kesho wangetaka nyingine. Hii nyingine imenipa mama wa kunikaribisha kila lango."

Jambo moja tu halikumpendeza, nalo ni kwamba mkewe sasa alijua kusoma kilichoandikwa juu ya santuri zake na yeye hakujua. Edah hakumwacha ateseke bure. Aliokota kipande cha makaa, akamwandikia mlangoni pa jikoni maneno mawili, moja juu ya jingine.

"Tazama, Baba Peris," akamwambia. "Masikio yako hayawezi kuwatenganisha, basi tumia macho. Huyu R ana tumbo. Ameshiba, amenyoosha mguu. Huyo ndiye wa karamu. Huyu L hana tumbo hata kidogo, amekaa tu chini, mwembamba, kama mwanafunzi anayengoja kengele ya chakula. Huyo ndiye wa kalamu."

"Siku hiyo," asema Hiram, "nilielewa kwa nini tajiri alikasirika."

Alifanya mazoezi kwenye mlango ule mpaka ukawa mweusi, akahamia kwenye ukuta. Sasa anaandika jina lake, la Edah, la Peris, na majina ya nyimbo. Ana nia ya kukodi kibanda Kanduyi, kando ya barabara, aweke santuri kwenye rafu na kigoda cha mgonjwa mbele yake, na kibao cha juu ataandika yeye mwenyewe kwa rangi. Bado hajaamua kama ataandika "Daktari". Anaogopa watu wataleta watoto wenye homa.

Kabla ya hapo kuna jambo la Desemba hii. Darasa la akina mama wa Lugulu linamaliza mwaka wake wa kwanza, na kutakuwa na ng'ombe. Mukhisa ameandika kutoka Mombasa kwamba atapanda gari la moshi aje. Barua hiyo Nasambu aliisoma mwenyewe, langoni, amesimama, kwa kidole, nusu ya asubuhi. Akacheka. Kijana wa kanisa akamwuliza kuna nini cha kuchekesha.

"Nitakuambia," akamjibu, "nikisha kunywa chai."

Siku ya sherehe ataisoma mbele ya watu wote. Gramafoni nayo imealikwa uani pa kanisa. Nasambu amewaambia wazee kwamba sanduku hilo limeokoka.

Ndiyo sababu asubuhi hii, Hiram akiwa ameshika usukani na mguu mmoja tayari kwenye pedali, Mzee Yakub anatoka barazani na kipande cha karatasi. Kilikuwa kimeachwa jana usiku juu ya meza ya duka, kimekandamizwa kwa jiwe la mizani.

"Hiram, hili agizo umeliandika wewe?"

"Mimi, tajiri."

"Linasema nini?"

Hiram anavuta pumzi. Anaulenga ulimi wake kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

"Kalamu," anasema.

Ghalani wabeba magunia wanaanguka kwa kicheko. Lakini Mzee Yakub ameinamia karatasi. Neno ni moja, kubwa, la penseli, na katikati yake imekaa herufi ya R yenye tumbo kama la chifu.

"Safari hii sikusikilizi," asema. "Nasoma."

Anaikunja karatasi, anaitia mfukoni mwa kanzu, na kumwuliza wimbo gani utapigwa kwanza Lugulu siku hiyo, huu au ule mwingine.

Hiram amekwisha kupanda baiskeli. Mke wa pili yuko nyuma yake, kimya, amefunikwa koti. Mbele ni barabara ya Kamukuywa, na leo imekauka.

"Tutaanza na ile nyembamba, tajiri," asema, akikanyaga. "Tumalizie na yenye tumbo."